Tantini, hawa watu walale wapi?

Mwezi huu barua zote karibu zinalia neno moja, nyumba. Tangu madeplase, watu waliokimbia vita, waondolewe kambi za Bulengo na Lushagala mwezi wa pili 2025, kila mtu hapa Goma ana mtu kwenye baraza yake ama anamjua mwenye naye. Wengine walirudi kijijini wakakuta ukuta bila manjanja (mabati) na shamba la mwingine, wengine hawakuwa hata na huo ukuta wa kurudia, wakabaki mjini wanazunguka na bashi (turubai) begani. Waongeze na maibobo wetu wa siku zote, watoto wa barabarani, wale wa Birere na wa soko la Virunga, ambao tulishawazoea mpaka tunapita juu yao kama vile tunapita juu ya mawe ya volkano.

Nimechagua barua tano. Majina nimeacha kama mlivyoomba. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu juu njo mama wa zingine zote, msichoke.

*

Tantini, jambo. Tuko kikundi ya bamama na bababa kumi na bane wa kanisa moja huku Katindo. Miaka mbili sasa kila jumamosi tunapika bugali na maharagi tunapelekea batu benye kulala inje pembeni ya soko. Pole pole tumechanga tumefikisha dola 1,200. Nusu ya komite inataka tujenge sale moja kubwa ya mbao tuweke bitanda makumi tatu, batu bakuje kulala. Wengine banasema tupangie familia byumba. Pasta naye anasema kwanza baokoke, baache pombe, bafundishwe kazi, kisha njo tuone mambo ya nyumba. Chumba huku iko dola 25 kwa mwezi, bayeri (mwenye nyumba) anaomba garanti ya miezi tatu, komisioneri (dalali) anataka yake mwezi moja. Tumegombana mpaka mama moja aliacha kuja. Tufanye je? Mama wa komite

Mama wa komite, jambo sana. Yule mama aliyeacha kuja mwendee nyumbani leo leo, kabla hata hujamaliza kusoma, juu kazi ninayotaka kuwapa inahitaji mikono yote kumi na minne.

Sale hapana. Najua sale inapendeza, unaweza kuipiga picha, unaweza kuandika jina la kanisa juu ya mlango, askofu anaweza kuja kukata utepe. Lakini wewe mwenyewe jiulize, hapa kwetu ukikutana na mtu unamuuliza unakaa wapi, si unalala wapi. Kulala na kukaa si kitu kimoja. Kwenye sale mtu analala, saa kumi na mbili asubuhi anaamshwa anatoka na mfuko wake, baba upande wa wanaume, mama upande wa wanawake na watoto, usiku mmoja kitambaa cha mama fulani kinapotea vita inaanza, mtoto hawezi kufanya kazi ya shule, mgonjwa hawezi kubaki kitandani mchana. Na sale inakula. Mlinzi, maji ya bidoni, choo, sabuni, taa, kila mwezi mpaka Yesu arudi. Baada ya mwaka mtahesabu watu kwenye vile vitanda makumi tatu na mtakuta ni wale wale.

Sasa mambo ya pasta. Pasta atanisamehe, hakuanza yeye. Miji mikubwa ya wazungu ilifuata njia hiyo hiyo miaka mingi, kwanza ulale kwenye sentre, ukionyesha adabu unapanda kwenye nyumba ya muda, ukiacha pombe unapanda tena, ukimeza dawa zako zote unapanda, na juu kabisa ya ngazi kuna ufunguo wako. Shida ni kwamba ngazi ilikuwa ndefu na watu walianguka katikati, na kila anayeanguka anarudi chini kabisa, barabarani. Mwaka 1992 huko New York mwanasaikolojia mmoja, Sam Tsemberis, alianzisha shirika la Pathways to Housing akaigeuza ile ngazi. Alichukua watu wa barabarani wenye ugonjwa wa akili, wengi wao pombe na madawa juu yake, akawapa chumba kwanza, ufunguo mkononi, kontra (mkataba), kisha njo wauguzi na wasaidizi wakawa wanawatembelea pale pale nyumbani. Watu walimcheka. Ila walipohesabu baada ya miaka mitano, kati ya watu mia moja wake 88 walikuwa bado ndani ya nyumba, na wale wa ngazi ya zamani walikuwa 47.

Ufini nao walifika kwenye jambo hilo kwa mlango wao. Shirika la Y-Säätiö lilianza 1985 kununua vyumba na kupangisha watu wasio na makao, na tangu 2008 serikali ikaweka pesa kwenye mpango wa nchi nzima, ikachukua zile sale za kulala za Helsinki ikazivunja ndani ikazifanya vyumba, kila mtu na kontra yake. Miaka ya themanini Helsinki ilikuwa na vitanda vya sale zaidi ya 2,000, miaka thelathini baadaye vilibaki makumi machache tu. Kwa hiyo mkijenga sale sasa mtakuwa mnajenga kile ambacho wenzenu walishavunja.

Utaniambia Tantini, Ufini kuna serikali na pesa, sisi hapa hata benki zilifunga mwezi wa kwanza 2025. Kweli kabisa, na ndiyo maana nataka tupige hesabu ya kwetu, si ya Helsinki. Chumba ni 25. Garanti ya miezi mitatu ni 75, mwezi wa kwanza 25, komisioneri 25, jumla 125 siku moja, taslimu. Sasa chukua baba anayesukuma chukudu, ile pikipiki ya mbao ya mizigo, anabeba viazi kutoka juu, mke anauza ndizi. Hao wawili mwezi mzuri wanaweza kutoa 25, mwezi mbaya wanatoa 20 na kuomba msamaha. Lakini 125 kwa mara moja hawataiona hata wakifunga kula. Wako inje si kwa sababu wameshindwa kulipa nyumba, wako inje kwa sababu wameshindwa kuingia. Garanti njo ukuta wenyewe. Na kitu cha ajabu, usiku kwenye baraza wanalipa vilevile, anampa mlinzi kidogo, analipa choo, analipa maji, analipa mahali pa kuhifadhi mzigo, ukijumlisha unaweza kukuta karibu kodi yote imeenda hivyo hivyo.

Basi fanyeni hivi. Familia sita, kila moja 125, inatoka 750. Inabaki 450, na hiyo 450 msiiguse kwa kitu kingine, hata kama pasta anataka vipaza sauti vipya. Hiyo njo kashi ya mshtuko. Juu watu wanarudi inje siku ya mshtuko wa kwanza, mtoto amelazwa, mume amekamatwa, chukudu imevunjika gurudumu, kodi ya mwezi mmoja inaruka, bayeri anafoka, mwezi wa pili unaruka, kwisha. Na 450 ni miezi 18 ya kodi, kwa familia sita mnaweza kuziba mashimo matatu matatu kila nyumba. Hapo njo nyumba inakuwa ya kukaa.

Garanti andikisheni risiti kwa jina la kikundi, si la familia, ili siku familia ikihama ile 75 irudi kwenu mwingize familia ya saba. Bayeri akiomba garanti ya miezi sita mwonyesheni sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015, nyumba ya kuishi garanti haipiti miezi mitatu. Najua, najua, sheria na Goma kila mmoja anatembea barabara yake. Lakini karatasi iliyopigwa kopi ikiwekwa mezani kwa heshima inapunguza sauti. Na komisioneri, mkimletea vyumba sita siku moja akikataa kupunguza basi tafuteni mwingine, wako kama nzi.

Ila kontra ya chumba iwe kwa jina la familia na ufunguo wakae nao wao. Msichukue ufunguo wa pili eti wa dharura. Kila familia ipewe mama mmoja wa kikundi wa kuitembelea, mara moja kwa juma mwanzoni, na huyo mama si polisi, hafungui sufuria kuona wamepika nini wala hanusi baba kama amekunywa. Anauliza mko aje, mtoto shule vipi, bayeri anasema nini. Kanisani waalikwe kama mnavyoalika jirani yeyote, wakija sawa, wasipokuja mwezi ujao bado wana nyumba.

Na kitu kingine nimekiona mara nyingi kwenye komite za wema: mkianza kuchagua familia mtachagua wale wenye kushukuru vizuri, mama anayepiga magoti, watoto wasafi. Wachukueni hao wawili watatu, lakini chukueni na yule mzee anayewatukana mkimletea maharagi. Yule njo amekaa inje muda mrefu kuliko wote. Na msiwapange wote sita kwenye parsele (kiwanja) moja, itaitwa parsele ya deplase kabla ya juma kuisha. Tena msiwapeleke Mugunga kwa sababu kule ni rahisi kama wanatafuta chakula Birere, pikipiki ya kwenda na kurudi itakula kile mlichookoa.

*

Tantini mpendwa, mimi ni mujane, niko na byumba bine Majengo, bwana aliniachia, njo chakula yangu na ya bajukuu. Batu ba kanisa bananiomba nipangishe familia mbili za deplase. Lokatere (mpangaji) wa mwisho alinikimbia usiku na deni ya miezi tano, alienda hata na taa. Banasema Mungu atanibariki. Mimi naogopa. Nifanye?

Mama, kuogopa kwako ni akili. Wewe si serikali wala si shirika, usikubali mtu akubebeshe mji mzima kwenye vyumba vinne kwa kukutajia Mungu. Anza na familia moja.

Kabla ya kusema ndiyo waulize hao watu wa kanisa, wakishindwa kulipa nani analipa, na kwa miezi mingapi? Kama jibu ni "tutaona", na wewe sema utaona. Kama wanasema tunasimama kwa miezi mitatu na wanaandika, hapo una mdhamini, kitu ambacho yule mwizi wa taa hakukupa. Uliza pia ni mtu gani mmoja, jina na simu, atakuja ukimpigia. Si kikundi, mtu. Kikundi hakipokei simu.

Kisha kontra kopi mbili, na siku ya kuingia zungukeni wote wawili chumbani mwandike kila kitu, taa moja, kitasa kimoja, dirisha zima, mpige picha kwa simu. Hilo linamlinda na lokatere pia, juu kuna mabayeri (sikusemi wewe mama) wanaokata garanti kwa ufa uliokuwepo tangu tetemeko la 2021.

Jambo ambalo watu hawafikirii: mtu anayekula kwa siku mwombe kodi kwa juma. Ukisubiri tarehe thelathini ile pesa imeshakuwa unga na dawa ya malaria. Ukichukua kila jumamosi kidogo kidogo na daftari lako, mwezi ukiisha mko sawa, na deni halifiki miezi mitano bila wewe kushtuka.

Na ikifika mambo yameharibika kweli, tafadhali usitoe mlango wala usifunue manjanja kama wanavyofanya wengine. Pitia kwa nyumbakumi, kwa shefu wa kartye, ukishindwa nenda tribunali. Mlango uliotolewa na watoto ndani unakuletea kesi kubwa kuliko deni.

*

Mi niko motari. Nalipa bayeri dola 40 kila mwezi, saa kumi na tatu juu ya pikipiki, vumbi, jua, baporisi. Sasa balevi ba pale ronpwe (mzunguko wa barabara) bapewe nyumba bure? Basi na mimi niuzishe pikipiki nilale inje, nitapewa. Jibu hiyo kama unaweza.

Kaka, jasho lako naliheshimu, nimebebwa na watu kama wewe maisha yangu yote kwenye hii mji.

Neno "bure" njo linalokupotosha. Kule New York niliposema, mpangaji alikuwa anatoa asilimia 30 ya kile anachopata, kiwe kidogo namna gani. Hapa Katindo ninawaambia familia ilipe kodi yake, kikundi kifungue mlango tu na kuziba shimo. Kilicho bure ni ile siku ya kwanza, na wewe hiyo siku ya kwanza nani alikupa? Mjomba? Kaka mkubwa? Fikiria vizuri utapata jina. Hao walevi wa ronpwe wengi wao yule mjomba alifia kwenye vita ya Rutshuru ama Masisi.

Walevi, tuwaseme basi. Kanada walijaribu jambo hili kati ya 2009 na 2013 kwenye miji mitano, watu zaidi ya 2,000, wakapigiwa kura ya bahati nasibu nani apewe nyumba kwanza na nani aachiwe misaada ya kawaida. Miezi sita ya mwisho, kwenye kundi la nyumba 62 kwa mia walikuwa ndani muda wote, kundi lingine 31. Wapo 16 kwa mia ambao hata na msaada wote ule hawakukaa ndani, hilo nalikubali mbele yako, ila upande mwingine walikuwa 46. Je pombe ilipungua? Hapo sikudanganyi, haikupungua kuliko kwa wenzao. Mlevi mwenye chumba alibaki mlevi, tofauti ni kwamba analewa ndani, hafi kwa baridi, na muuguzi anajua mlango wa kugonga. Wewe unaona hiyo si kitu. Mimi nimeona marehemu akiokotwa asubuhi kwenye mfereji, naona ni kitu.

Sasa nikuulize na mimi. Hiyo pikipiki ikikamatwa kesho, wewe unabaki na miezi mingapi kabla bayeri hajakuonyesha barabara? Miwili? Hata Ufini ambako nimewasifu, mwaka 2024 serikali ilipunguza msaada wa kodi kwa watu wa kipato kidogo, na hesabu ya wasio na makao iliyokuwa inashuka zaidi ya miaka kumi ikapanda mwaka huo huo, kutoka 3,429 ikafika 3,806. Wale walioongezeka huwezi kuniambia wote walianza kunywa mwaka mmoja. Kashi ya mshtuko ninayoisema ni ya watu kama wewe kwanza. Chama chenu cha mamotari mnachanga kwa msiba, vizuri, changeni na kwa mwezi mmoja wa kodi.

*

Tantini, mimi niko na miaka 19. Tangu miaka 9 nilikuwa maibobo, Birere, na kwa Virunga. Mwaka jana dada moja wa shirika alinitafutia chumba Ndosho, akaninunulia kitanda, kavera, sahani mbili, kila kitu. Siku ya ine nikarudi kulala inje na wenzangu. Ndani kuko kimya sana. Nasikia roho inapiga, nafunga mulango, nafungua, nafunga. Sasa juma mbili nalala mule, juma moja inje. Dada hajui, namuficha. Bajirani banaanza kusema. Akijua atanikatia? Nisaidie.

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara tatu.

Miaka kumi ulilala na masikio wazi. Huyu anapumua kulia, yule anakohoa kushoto, mmoja anakesha, mkisikia viatu vya polisi wote mnaruka pamoja. Hao wenzako njo walikuwa kuta zako. Sasa umepewa kuta za mbao, ambazo hazipumui, na zile za watu umenyang'anywa siku moja, halafu unashangaa roho inapiga? Ingekuwa ajabu isipige. Watu wengi waliotoka inje wanaanza hivyo hivyo, wanalala chini karibu na mlango na kitanda kipo, wanalala na viatu, wanaficha pesa chini ya kisigino kama zamani. Mwili unachelewa kuamini. Wewe huna wazimu na hujamwibia mtu kitu.

Dada umwambie, wewe, kwa kinywa chako, kabla majirani hawajamwambia kwa vinywa vyao. Usiseme "nimeshindwa". Mwambie vile ulivyoniandikia, kuko kimya, nafunga nafungua. Kama ni mtu wa kazi yake ataelewa. Na kama hata hivyo mkikosana ukapoteza hicho chumba, huo si mwisho wa maneno, ile njia ya New York iliwekwa hivyo tangu mwanzo, aliyepoteza chumba cha kwanza anatafutiwa cha pili, kuna waliokaa vizuri kwenye cha tatu. (Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, hesabuni pesa ya chumba cha pili tangu siku mnapopanga cha kwanza. Msimfanye mtoto aone aibu kwa kitu mlichopaswa kukitegemea.)

Usiku geuza kitanda uone mlango ukiwa umelala. Redio ndogo iache inaongea sauti ya chini, hata ya mpira. Muulize dada kama unaweza kukaa na rafiki mmoja, msichana unayemwamini. Mmoja, mwanangu, unanisikia, si kumi. Juu hapo njo pabaya penyewe. Wenzako wanakupenda, usiku wa mvua watagonga, utafungua, kesho watakuwa saba, mmoja atavuta gundi, bayeri atakuja na hasira. Kuna watu wengi waliopoteza chumba kwa roho nzuri kuliko kwa deni. Ukishindwa kusema hapana wewe mwenyewe, sema dada amekataza, mpe dada ule ubaya, ataubeba, amezoea.

Mchana nenda kawaone, Birere haijahama. Kula nao, cheka nao, jioni rudi. Kama juma hili umelala inje siku tatu na juma lijalo mbili, unaenda mbele hivyo hivyo.

Tena, alikununulia sahani mbili. Fikiria kwa nini hakununua moja.

*

Tantini swali ya haraka. Nimepata chumba ya dola 10 tu upande wa Bulengo, chini karibu na ziwa, kwenye kashimo. Niko na mtoto wa miezi saba. Jirani anasema kuko mazuku lakini bayeri anasema ni hadisi za wazee. Nichukue?

Usichukue. Mazuku si hadisi, ni hewa inayotoka ardhini kwa hizi volkano zetu, nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, inashuka inalala kwenye mashimo kama maji kwenye beseni, zaidi usiku na asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Wewe uliyesimama unaweza usisikie kitu na mtoto aliyelala chini pembeni ya mguu wako anakosa pumzi. Upande huo wa Bulengo na Mugunga unajulikana, kuna mahali wamesimamisha hata vibao vya fuvu, bayeri wako anapita mbele yake kila siku.

Zunguka hapo asubuhi ukaangalie kama majani yamekauka mahali pamoja bila sababu, kama kuna mijusi au ndege waliokufa, uliza watu mbuzi wao wanalishia wapi na wapi hawapeleki. Mambo ya kujaribu na mshumaa achana nayo, ukizimika umeshachelewa, usipozimika utajidanganya.

Tafuta juu, hata kwa dola 15, hata ukikaa wawili na mama mwingine mwenye mtoto. Mama wa komite wa Katindo yuko hapo juu na familia sita za kutafuta, barua yako nimempelekea. Na hizi siku utakazokuwa bado unatafuta, popote utakapolala, mtoto asilale chini kwenye mkeka, mlaze juu ya meza kama kitanda hakuna.